Viini Kumi na Tisa vya Bwana Huenda

Jina alilopewa na wazazi wake liko kwenye cheti cha kuzaliwa na kwenye faili lake la utumishi, na huko linakaa raha mustarehe bila kusumbuliwa na mtu. Kazini, mtaani, hata kwa wakwe zake, anaitwa Bwana Huenda. Na asilaumiwe mtu, kajitafutia mwenyewe. Mwambie kiti hiki kimevunjika miguu mitatu, atakujibu huenda mguu wa nne ukahitajika. Mwambie chupa hii haina mfuniko, atakujibu huenda ukapatikana mfuniko usio na chupa. Na ubaya wake ni kwamba mara moja moja, tuseme mara moja kwa miaka mitano, mfuniko hupatikana kweli. Basi hapo watu wote hunyamazishwa kwa wiki nzima.

Alikuwa mtunza stoo wa karakana ya hospitali. Karakana hutengeneza vitanda, viti vya magurudumu, mabomba na mashine za wodini, na stoo ndiyo inayoilisha karakana vipuri. Ni chumba kirefu nyuma ya chumba cha dobi, kinachonukia grisi na mpira, chenye safu ishirini na mbili za rafu za chuma. Magurudumu yametundikwa ukutani kwenye misumari. Kona ya mwisho pana sanduku la mbao lenye mwandiko wake mwenyewe: "Funguo za milango isiyokuwepo tena." Wodi yenye milango hiyo ilibomolewa miaka kumi na minne iliyopita. Funguo zinapakwa mafuta kila mwezi wa kwanza.

Nyumbani hali ilikuwa hiyo hiyo. Mkewe ni mshonaji, na cherehani yake inakaa chumbani kwao, baina ya kitanda na dirisha, kwa sababu chumba cha uani kimejaa makopo ya rangi. Rangi zenyewe zilishakauka. Mama wa watu aliomba chumba hicho mwaka wa kwanza wa ndoa, akaomba mwaka wa pili, kisha akajifunza kushona huku amekaa upande.

Sasa, stooni kulikuwa na kompyuta moja, kuukuu lakini nzima, iliyotumia Linux. Iliwekwa na fundi wa kompyuta aliyekuja, akafanya kazi safi, kisha akahamia nchi za mbali kama wafanyavyo mafundi wazuri wote. Mfumo huo una kitu kinaitwa kiini. Ndicho kinachoamka kwanza unapobonyeza swichi, na ndicho kinachoamsha vingine vyote: kioo, kibodi, printa. Kila baada ya muda huja kiini kipya kupitia mtandao. Kwa kawaida mashine hubakisha kipya na kimoja cha nyuma yake, vilivyozidi ikavifuta. Nimesema kwa kawaida. Neno hilo halikuwahi kuvuka kizingiti cha stoo ile.

Maana miaka tisa nyuma, kilikuja kiini kipya asubuhi, na kompyuta ikawa giza tupu. Bwana Huenda alimpigia fundi simu. Fundi akamwambia awashe tena, itatokea orodha, achague kiini cha zamani. Akachagua. Mashine ikaamka kama vile haijatenda kosa lolote. Siku hiyo Bwana Huenda alipata dini mpya. Alimbana fundi amfundishe amri ya kukifungia kiini kisifutwe, akaiandika ndani ya jalada la daftari, na tangu hapo hakuna kiini kilichoingia stooni kikatoka. Vilifika kumi na vinane, na cha kumi na tisa kilikuwa njiani. Kila kimoja alikiandikia ripoti daftarini, kama mwalimu mkuu anavyowaandikia wanafunzi. "Cha nne: kizito asubuhi, ila kina adabu." "Cha tisa: hakipatani na printa. Tumsamehe." "Cha kumi na mbili: mtulivu mno, sina la kusema."

Yote haya yangeendelea hivyo hivyo kama umri nao ungefungiwa kwa amri. Lakini umri haufungiwi. Ijumaa ya mwisho wa mwezi ule Bwana Huenda alikuwa anastaafu, na kitu hicho kilimuuma kuliko jino.

Akawa na tumaini moja tu: mkataba wa mwaka mmoja wa nyongeza. Mkuu wa karakana, mama mmoja mwenye sauti ya kufungulia milango, alikuwa amemwambia kwamba wangeangalia. "Tutaona kama mtu mpya atamudu," alisema. "Akimudu, wewe kapumzike. Asipomudu, utatusaidia mwaka mmoja."

Mtu mpya alishafika wiki sita nyuma. Alikuwa mama wa watoto wawili, ametunza stoo ya kiwanda kwa miaka minane, anatembea na kalamu sikioni. Bwana Huenda alimpokea vizuri, akampa kiti, akamwita Mgeni. Wiki ya kwanza Mgeni, sawa. Wiki ya sita bado Mgeni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu hakupewa hata mpini. Alifundishwa safu ya kwanza hadi ya nne, zenye skrubu na koki, vitu ambavyo hata paka wa dobi angevipata. Akiuliza safu ya kumi, anaambiwa, "Hiyo tutafika, binti yangu, mambo ni polepole." Akifungua orodha kwenye kompyuta, anakuta vipuri vimeandikwa majina aliyoyajua mtu mmoja duniani: "Kile cha wodi ya tatu." "Mdogo wake kile." "Kinachofanana na sikio."

Mimi sisemi Bwana Huenda alifanya makusudi. Yeye mwenyewe hakuwahi kujiambia hivyo. Ila alipomwona Mgeni akikwama, moyo wake ulipata kaubaridi fulani katamu, na alikwenda nyumbani akipiga mluzi.

Jumatatu ya wiki ya mwisho kompyuta ilileta ujumbe: kiini kipya kimefika, lakini nafasi imejaa.

"Nafasi imejaa?" alisema. "Na diski yote hii?"

Akaanza kupunguza. Kwa mtu wa kawaida kufuta faili ni kubonyeza tu. Kwake ilikuwa ni kuzika. Alifuta picha za sherehe za kuwaaga wenzake waliomtangulia kustaafu. Alifuta hotuba aliyoiandika kwa ajili ya harusi ya shemeji yake, ambayo hakupewa nafasi ya kuisoma. Alifuta rekodi za sauti za mashine ya zamani ya kukaushia mashuka, alizozihifadhi ili siku moja mtu akisahau ilivyokuwa ikilia, akumbushwe. Alifuta kutwa nzima, akipiga chafya ambazo hazikuwa chafya. Jioni akajaribu tena. Nafasi imejaa.

Mgeni alikuwa anafuta vumbi safu ya tatu. "Mzee, samahani," alisema. "Nadhani iliyojaa siyo diski yote. Pana sehemu ndogo ya kuwashia, ndimo vinamokaa viini. Hata ukifuta nyumba nzima, kile kijichumba hakipungui."

Bwana Huenda alijua hapo hapo kwamba ni kweli. Ndiyo maana alikasirika. "Binti yangu, mashine hii tunajuana," alisema, na ili kuonyesha kwamba wanajuana, akabonyeza endelea. Mashine ikalalamika kwa mistari mingi myekundu. Hakuisoma. Akaizima, akavaa kofia, akaondoka.

Jumanne saa mbili asubuhi aliiwasha. Kioo kikatoa maneno matatu meupe juu ya weusi, kikaganda.

Na kama ujuavyo, siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Kabla hajameza mate, mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Alikuwa Mkuu.

"Mpira wa mlango wa mashine ya kuchemshia vyombo vya upasuaji umepasuka," alisema. "Mvuke unatoka. Wagonjwa watatu wako kwenye foleni ya kupasuliwa, daktari ameshanawa mikono. Mpira wa akiba uko wapi?"

"Upo," alisema Bwana Huenda.

"Najua upo. Uko wapi?"

Akafungua mdomo. Miaka thelathini na mmoja mdomo ule ulijibu wenyewe, bila kumshirikisha. Safari hii haukutoa kitu. Mwaka jana alihamisha mipira yote ili kupisha masanduku mengine, na mahali pake papya alipaandika kwenye kompyuta, na kompyuta ilikuwa imekodoa jicho jeusi. Alikwenda safu ya kumi na sita. Haupo. Akaenda ya ishirini, akarudi ya tisa, akainama, akainuka, jasho likimtoka hadi kwenye soksi. Mgeni alipita safu za upande wa pili akivuta masanduku, lakini alitafuta nini? Masanduku yenyewe yaliandikwa "Kaka yake" na "Usiguse bila sababu".

"Mzee," alisema Mgeni akiwa nyuma ya rafu, "si uchague kiini cha zamani?"

Lahaula! Mtu aliyetunza viini miaka tisa kwa ajili ya asubuhi kama hii hii, na asubuhi imefika, naye anakimbizana na masanduku! Bwana Huenda aliruka juu ya ndoo, akazima, akawasha, orodha ikatokea. Ilikuwa ndefu mpaka ikabidi iteremshwe. Akachagua cha nyuma ya kile kipya. Kioo kikawaka. Printa ikakohoa. Orodha ya stoo ikafunguka, naye akasoma kwa sauti ya imamu: "Mdogo wake kile cha upasuaji, safu ya kumi na nne, chini, nyuma ya Kinachofanana na sikio!"

Mpira ulikuwepo. Mkuu aliunyakua, akafika mlangoni, akageuka. "Kumbe bila wewe tungekwama," alisema, na kumtazama Mgeni kwa jicho ambalo mtu angependa lisimtazame. "Kesho kutwa nitaandika ile barua ya nyongeza."

Bwana Huenda alikaa kitini. Furaha ilimpanda mpaka masikioni. Alichukua daftari, akaandika mbele ya kiini cha kumi na nane: "Shujaa." Kisha akakifikia kile kipya, akaandika: "Kibovu kabisa."

"Siyo kibovu, mzee," alisema Mgeni.

Hakusema kwa ubishi. Alikuwa ameketi juu ya kreti, mikono yake imejaa vumbi la safu ambazo hakuwahi kufundishwa, na macho yake yalikuwa mekundu kidogo. "Kilikuja kizima. Kilikosa pa kukaa tu. Kijichumba umekijaza viini kumi na vinane, hiki kikaingia nusu, nusu nyingine ikabaki nje. Chochote kikiingia nusu lazima kionekane hakifai."

Akasimama, akaenda kunawa.

Jioni alimsimulia mkewe. Alisimulia vizuri, na ule mruko wa juu ya ndoo akaurefusha. Mkewe alikuwa anashona pindo, amekaa upande kama kawaida yake.

"Sasa huo ujumbe wa kwamba nafasi imejaa," aliuliza, "nafasi yenyewe ilijaa na nini?"

"Na viini vya zamani."

"Vya nani?"

"Vyangu."

Mkewe alikata uzi kwa meno. "Baba watoto, yaani umeziba mlango mwenyewe, halafu unasifiwa kwa kujua dirisha."

Alicheka. Mkewe hakucheka. Akaacha kucheka. Alitazama ile cherehani iliyobanwa baina ya kitanda na dirisha, akatazama bega la mkewe lililopinda kidogo upande wa kulia, na kwa mara ya kwanza akajiuliza lilianza kupinda lini. Aliona haya. Aliona haya kwa mke wake, na akiwa bado kwenye haya hiyo akaona nyingine iliyokuja nyuma yake, yenye kalamu sikioni na macho mekundu.

Jumatano alifika mapema, Mgeni akamkuta amesimama mbele ya kompyuta amevua kofia.

"Vitoe," alisema.

"Vingapi, mzee?"

"Bakisha kumi."

"Mzee."

"Saba. Saba siyo vingi."

"Viwili. Kipya, na kile kilichotuamsha jana."

"Vitatu, binti yangu. Nakuomba. Cha kumi na mbili ni mtulivu mno."

"Viwili."

Hata sokoni hakuwahi kushindwa kwa bei namna ile. Basi akafungua daftari, wakaanza. Kwa kila kiini alisoma ripoti yake kwa sauti, Mgeni akaandika amri ya kukifungulia na amri ya kukiondoa, na Bwana Huenda mwenyewe akabonyeza kitufe cha mwisho. "Cha nne, kizito asubuhi, ila kina adabu. Nenda." Tap. "Cha tisa, tulikusamehe. Nenda." Tap. Kufika cha kumi na mbili alitoka nje kidogo kupunga hewa, akarudi, akabonyeza. Nafasi ilifunguka. Mgeni akakiondoa kile kilichoingia nusu, akakiweka upya, na safari hii hakuna mstari mwekundu hata mmoja. Wakazima. Wakawasha bila kugusa orodha. Ikaamka na kiini kipya, kizima, haraka kuliko ilivyowahi kuamka miaka yote ile.

Bwana Huenda alifuta maneno "Kibovu kabisa". Akafikiri, akaandika: "Hakikupewa nafasi. Kosa langu."

Kisha akavuta kiti kingine, akakiweka mbele ya kibodi. "Kaa hapa. Mimi nasema, wewe unaandika. Safu ya tano."

Walikwenda safu hadi safu, Jumatano yote na Alhamisi yote. "Kinachofanana na sikio" kikapata jina lake, kumbe ni vali ya mvuke. "Mdogo wake kile" akawa mpira wa mlango, na ukubwa wake ukaandikwa kwa sentimita. Mgeni alicheka mpaka akashika rafu alipoelezwa "Usiguse bila sababu" ni nini: balbu za kawaida, ambazo madereva walikuwa wanaziiba. Bwana Huenda alisema yote. Alisema hata mahali anapoficha ufunguo wa pili, jambo ambalo mkewe hajui. Na kadiri alivyosema alijisikia mwepesi, na pia alijisikia anaisha. Vyote viwili, kwa pamoja, na hakuna kilichomshinda mwenzake.

Ijumaa alasiri Mkuu alikuja na barua. Aliiweka mezani, na ile mihuri miwili ilionekana kutoka mbali. "Mwaka mmoja," alisema. "Weka sahihi tu."

Bwana Huenda aliitazama. Aliitaka. Nisikufiche msomaji, aliitaka barua ile kama mtoto anavyotaka kubebwa, na mkono wake ulishafika kwenye kalamu.

"Mama Mkuu," alisema, "hebu muulize mwenzangu chochote. Safu yoyote."

Mkuu aliuliza breki za kiti cha magurudumu. Safu ya kumi na moja, juu. Akauliza waya wa kuchemshia. Ya kumi na tisa, zimebaki tatu. Akauliza kitu ambacho nadhani alikitunga pale pale. "Hicho hatuna," alisema mwanamke mwenye kalamu sikioni, "na hatujawahi kuwa nacho."

Mkuu aligeuka. "Jumanne alikuwa hajui kitu."

"Jumanne alikuwa nusu," alisema Bwana Huenda. "Nusu nyingine nilikuwa nimeikalia mimi." Akaisukuma barua, taratibu, mpaka upande wa pili wa meza. "Namba yangu ya simu anayo. Kiini cha akiba hakikai kitini, mama. Kinakaa kwenye orodha."

Akatoa mfukoni shada la funguo, akaziweka kwenye kiganja cha mwenzake. Miaka thelathini na mmoja mfuko ule wa kulia ulining'inia, leo ukalala sawa na wa kushoto. "Haya, Mtunza Stoo," alisema. Wiki sita alikuwa hajalitamka. "Lile sanduku la kona, la milango isiyokuwepo. Litoe ukitaka."

"Nitabakisha funguo mbili," alisema Mtunza Stoo.

Jumatatu Bwana Huenda alikuwa nyumbani. Aliiweka simu mezani, kioo juu. Saa mbili, kimya. Saa tatu, kimya. Saa nne aliinyanyua kuhakikisha haijafa. Mkewe alipita mara mbili bila kusema neno, na kwake hilo lilikuwa tendo la huruma. Saa nne na nusu ikalia, naye akawa ameshapenyeza mguu mmoja kwenye kiatu kabla hajapokea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Imegoma? Nakuja. Usiguse kitu."

"Haijagoma. Imewaka vizuri, na vipuri vyote vya leo nimevitoa. Nimepiga kukusalimu tu."

Alisimama hapo na kiatu kimoja. Iliuma. Ilimuuma hasa, pale pale ambapo mtu huweka vitu ambavyo huenda vikahitajika. Na chini ya maumivu hayo palikuwa na fahari, ya mtu aliyefundisha kitu kikaingia chote.

"Wanakuita?" mkewe aliuliza alipokata simu.

"Hawaniiti."

Akakaa, akakivua kiatu, akakiweka sambamba na mwenzake. Kisha akainuka, peku, akaenda mpaka mlango wa chumba cha uani, akausukuma kwa bega kama unavyohitaji kusukumwa.

"Mama watoto," aliita. "Haya makopo tuyatoe."

Cherehani ilinyamaza katikati ya mshono. "Yote?"

Kopo la kwanza lilikuwa tayari mikononi mwake, na midomo yake ilishaanza lile neno. Mkewe aliliona likija, akasubiri.

"Yote," alisema. "Cherehani ni pana."